Fito za Mannheim na Daftari la Wabomoaji

Wako watu ambao wakisimama mbele ya jengo la umma huwa na swali moja tu: Laingiza nini? Wakiambiwa kwamba haliingizi kitu, au laingiza kidogo kuliko linavyokula, hufunga daftari lao wakatoa hukumu, na hukumu yao ni kubomoa. Swali lenyewe si baya, maana mali ya umma haipaswi kutapanywa. Lakini ni swali moja katika mengi, na jengo la watu wote halistahili kuhukumiwa kwa swali moja, kama vile mtu asivyostahili kufungwa kwa ushahidi wa shahidi mmoja mwenye kinyongo. Insha hii yakusudia kumjibu mwenye daftari huyo. Kesi tutakayoichukua ni ya ukumbi wa mji wa Mannheim, nchini Ujerumani, uitwao Multihalle, yaani ukumbi wa kazi nyingi, ambao mwaka 2016 ulikaribia kuangushwa kwa amri ya mji ule ule ulioujenga.

Yafaa kwanza tuujue ukumbi wenyewe, kwa kuwa ni dhuluma kubishana juu ya kitu pasipo kukieleza. Mannheim ni mji wa viwanda na bandari, mahali ikutanapo mito ya Rhein na Neckar. Mwaka 1975 mji huo ulikuwa mwenyeji wa Maonyesho ya Bustani ya Taifa, na katika bustani ya Herzogenried ukahitaji paa kubwa ambalo chini yake watu wangeweza kukusanyika kwa jambo lolote: mkutano, maonyesho, muziki, mchezo, au kujificha mvua tu. Msanifu Carlfried Mutschler, mwenyeji wa Mannheim, pamoja na wenzake, alimwomba msaada Frei Otto, mtu ambaye dunia ilikwisha kumjua kwa hema la Ujerumani katika maonyesho ya Montreal ya 1967 na kwa mapaa ya uwanja wa Olimpiki wa Munich wa 1972. Hesabu za uhandisi zilifanywa na kampuni ya Ove Arup ya London, chini ya Ted Happold na Ian Liddell.

Walichokijenga hakikuwa na nguzo katikati wala boriti kubwa. Kilikuwa wavu wa fito. Lugha yetu inalo neno hili tangu zamani, wala hatuna haja ya kuazima jingine: fito, miti myembamba ifungwayo pamoja ikasimamisha nyumba. Fito za Mannheim zilikuwa za mti wa himloki wa Amerika ya Kaskazini, kila ufito una unene wa sentimita 5 kwa 5, na zilipangwa kwa kupishana, mraba baada ya mraba, kila mraba una upande wa nusu meta. Zililazwa tabaka mbili kila upande, zikashikwa kwa bolti mahali zilipokutana. Kwa fito hizo likainuka paa lenye kupanda na kushuka kama vilima, lenye urefu wa meta 160 hivi kutoka ncha hadi ncha, upana wa meta 60 bila nguzo, na kimo cha meta 20. Juu yake likavikwa kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki, chenye kupitisha nuru. Kwa aina yake, yaani wavu wa fito usimamao wenyewe, halijatokea duniani jengo la kulipita kwa ukubwa.

Umbo la paa hilo halikuchorwa kwa kupendeza jicho. Lilitafutwa. Mkufu ukishikwa ncha mbili ukaachwa uning'inie, hujipatia umbo lake wenyewe, na katika umbo hilo kila pete yavutwa tu, wala hakuna inayopindwa. Umbo hilo likipinduliwa juu chini, mvuto wote hugeuka kuwa msukumo, na kilichokuwa kikining'inia kikawa chasimama. Basi Frei Otto na wasaidizi wake walitengeneza kiolezo cha minyororo midogo, wakakitundika, na wataalamu wa vipimo wa Stuttgart, wakiongozwa na Klaus Linkwitz, wakakipiga picha na kuipima kila nukta yake ilipo. Kisha fito zikatandazwa zikiwa bapa, bolti zikiwa zimelegezwa, zikasukumwa juu kutoka chini kwa minara ya vyuma, kidogo kidogo, miraba ikigeuka kuwa misambamba, hata umbo likatimia. Ndipo bolti zikakazwa. Na wakuu wa usalama walipotaka uthibitisho kwamba paa litahimili uzito, wahandisi walitundika humo mapipa ya takataka yaliyojazwa maji, wakapima limeshuka kiasi gani, na likashuka kwa kadiri ile ile waliyokuwa wamekwisha kuikadiria.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Mwenye daftari hupenda kusema kwamba majengo ya namna hii ni anasa ya wasanii, waliopewa fedha ya watu wakachezea. Hasha. Frei Otto alikuwa rubani kijana katika vita vya dunia, akatekwa, na katika kambi ya wafungwa karibu na Chartres, nchini Ufaransa, alipewa kazi ya ujenzi mahali ambapo hapakuwa na vifaa vya kujengea. Hapo ndipo alipojifunza kutenda mengi kwa kitu kidogo, na somo hilo hakuliacha maisha yake yote. Ukumbi wa Mannheim ni tunda la somo hilo: miti myembamba kuliko kifundo cha mkono, iliyofunika ukumbi ambao kwa kawaida ungedai zege na chuma kwa mamia ya tani. Ikiwa huu ni ubadhirifu, basi neno ubadhirifu limepoteza maana yake.

Tuyatazame sasa mashtaka. La kwanza lasema kwamba ukumbi ulijengwa kwa maonyesho ya msimu mmoja tu, kwa hiyo hauna haki ya kudai maisha marefu. Ni kweli kwamba haukukusudiwa kudumu. Lakini nia ya mjenzi siku ya kwanza si kipimo cha thamani ya jengo baada ya miaka arobaini. Mnara wa Eiffel wa Paris ulijengwa kwa maonyesho ya 1889 kwa ruhusa ya miaka 20, na leo hapana Mfaransa athubutuye kusema kwamba muda wake umekwisha. Tena, mwaka 1998 ukumbi wa Mannheim uliandikwa katika orodha ya majengo ya kumbukumbu yalindwayo na sheria. Tangu siku hiyo hoja ya muda ilikufa. Mwenye kulikubali jina la mlinzi hawezi baadaye kusimama mlangoni akasema, mimi nilikuwa mpita njia.

Shtaka la pili ni gharama, na hili ndilo lililotolewa kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2016 ilisemwa kwamba ukarabati ungegharimu zaidi ya euro milioni 11, nayo ni fedha nyingi kwa mji wowote. Hata hivyo yatupasa kuuliza deni hilo lilitoka wapi. Mti hauozi kwa siku moja, wala fito haziinami kwa usiku mmoja. Mahali palipohitaji kutengenezwa paliwekewa viunzi vya kuegemeza, na watu wakazuiwa kuingia; miaka ikapita; maji yakafanya kazi yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kesi hii mwenye nyumba hakuziba ufa, kisha akaleta bei ya ukuta mbele ya watu akasema, tazameni jinsi nyumba hii ilivyo ghali. Hiyo si hesabu ya haki. Hesabu ya haki ingetenga safu mbili: gharama ya jengo lenyewe, na gharama ya uzembe. Safu ya pili haistahili kulipwa kwa kichwa cha jengo.

Shtaka la tatu ni la hila zaidi. Lasema: ukumbi huu una kazi nyingi, na kwa hiyo hauna kazi hata moja. Mshika mbili moja humponyoka. Mchezaji wa mpira wa mikono ataka sakafu yake, mwanamuziki ataka mwangwi wake, mfanya biashara ataka meza zake, na ukumbi unaotaka kuwaridhisha wote huwaudhi wote. Nakiri kwamba hoja hii ina uzito. Kumbi nyingi za kazi zote, katika miji midogo ya Ujerumani na kwingineko, ni masanduku ya zege yasiyompendeza yeyote. Lakini kosa la masanduku hayo si kwamba yana kazi nyingi. Kosa lao ni kwamba waliyoyajenga waliufahamu wingi wa kazi kuwa ni ruhusa ya kutofikiri. Ukumbi wa mji ni mahali ambapo asubuhi watoto wa shule huruka viunzi, jioni chama cha mji hukutana, Jumamosi hupigwa ngoma, na siku ya mafuriko hulazwa wasio na makao. Wingi huo ndio unaoufanya kuwa wa umma. Uwanja wa mchezo mmoja ni wa wapenzi wa mchezo huo. Ukumbi wa kazi nyingi ni wa mji mzima.

Na tazama kwamba miji ya Ujerumani imewahi kulijua jambo hili vizuri. Baada ya vita, mji wa Karlsruhe ulijenga mwaka 1953 ukumbi wake wa Schwarzwaldhalle, kazi ya Erich Schelling na mhandisi Ulrich Finsterwalder, wenye paa la zege lililopindika kama tandiko la farasi na lenye unene wa sentimita 6 hivi tu. Ukumbi huo umesimama hadi leo nao watumiwa. Mji wa Bremen ulifungua mwaka 1964 ukumbi uliochorwa na Roland Rainer wa Austria, wa michezo na mikutano na mashindano ya baiskeli. Paa lake lilitundikwa kwa nyaya zilizofungwa kwenye majukwaa ya watazamaji, hata uzito wa viti ukawa ndio unaolivuta paa lisianguke. Majengo haya yote mawili yalikuwa ya kazi nyingi, na kila moja lilikuwa na wazo moja lililo wazi. Basi si kweli kwamba mengi hayapatani na mazuri.

Shtaka la nne silo shtaka kwa kweli. Ni sharti, na kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote. Uamuzi wa baraza la mji wa 2016 haukusema tu, tubomoe. Ulisema kwamba ukumbi utabaki ikiwa sehemu kubwa ya fedha itapatikana kutoka nje ya hazina ya mji. Maneno haya yasikika kuwa ya hekima na ya upole. Yafasiri, nawe utayaona yalivyo: wanaoupenda na waulipie. Kwa kanuni hii mali ya umma yageuzwa kuwa haja ya kundi fulani la wapenzi, wasanifu na wanafunzi na waandishi, kana kwamba ni watu wenye kupenda kukusanya stempu. Lakini mwenye ukumbi alikuwa mji. Hatumwambii raia kwamba daraja litatengenezwa iwapo wapenzi wa madaraja watachanga. Kitu kikiwa cha wote, wajibu wake ni wa wote; na wajibu ukitupwa kwa wachache, basi kitu chenyewe kimekwisha kunyang'anywa wengi kabla nyundo ya kwanza haijainuliwa.

Nasema haya bila kuwatukana madiwani wa Mannheim. Hazina ya mji ni kibaba kimoja, na wanaokisubiri ni wengi: shule, hospitali, nyumba za wapangaji maskini. Mtu anayedai kwamba uzuri utangulie mgonjwa hana haki ya kusikilizwa. Lakini mara nyingi mno mgonjwa huyu huletwa mbele yetu siku ya kubomoa tu. Hatumwoni siku ya kujenga maegesho ya magari, wala siku ya kuligawa eneo kwa mwenye fedha. Nani amewahi kuonyesha kwamba akiba iliyotokana na ukumbi uliobomolewa ilikwenda ikanunua kitanda kimoja cha hospitali? Mtu akitaka tulinganishe, na tulinganishe kwa ukweli, mwaka hadi mwaka, safu kwa safu, si kwa machozi ya siku moja.

Kuna aibu nyingine ambayo haifai kupitwa. Frei Otto alifariki tarehe 9 Machi 2015. Siku iliyofuata dunia ikatangaziwa kwamba amepewa tuzo ya Pritzker, heshima kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo. Haukupita mwaka mmoja na nusu, na mji ulio na kazi yake kubwa ya mbao ukawa unajadili namna ya kuiondoa. Mwaka 2018 ukumbi ulionyeshwa Venice, katika maonyesho ya kimataifa ya usanifu, chini ya jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mrembo Aliyelala. Jina hilo ni zuri, lakini lina uwongo wa adabu ndani yake. Ukumbi haukulala. Ulifungiwa mlango. Aliyelala ni yule mwenye ufunguo.

Hatimaye kelele za raia na wataalamu zilisikika, mji ukabadili shauri, fedha za serikali ya shirikisho zikaongezwa, na kazi ya ukarabati ikaanza. Twashukuru. Lakini asidhani mtu kwamba ushindi wa kesi moja umefuta kanuni iliyoileta kesi. Mjini Berlin palikuwa na Ahornblatt, jengo la paa la zege lililokunjuka kama jani, kazi ya mhandisi Ulrich Müther, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nalo lilikuwa limelindwa na sheria, na mwaka 2000 likabomolewa. Ukumbi mwingine wa Müther, ule wa Magdeburg wa 1969, ulifungwa mwaka 1997 ukaachwa kwa miaka zaidi ya ishirini, kisha ukatengenezwa na kufunguliwa tena mwaka 2024. Mtu mmoja, mkono mmoja, ustadi mmoja: moja likafa, moja likaishi. Tofauti haikuwa katika zege. Ilikuwa katika mioyo ya waliokuwa na amri.

Tena kuna kuua kwa namna mbili. Ukumbi wa Bremen haukubomolewa, ulipanuliwa. Kati ya 2004 na 2005 paa lake liliinuliwa ili watu wengi zaidi waingie, na kwa kuinuliwa huko wazo la Rainer likaondoka, lile la viti na paa kushikana kama watu wawili wavutanao kamba. Mihimili ya nje ingalipo, yapendeza kutazamwa, lakini ni kama mdomo wa msemaji aliyenyang'anywa maneno yake. Basi watengenezaji wa Mannheim na wakumbuke kwamba wavu wa fito si ganda la kuwekwa chochote ndani. Wakiuzibia nuru, wakiujaza kuta na vyumba kwa ajili ya mapato, watakuwa wameokoa mbao wakapoteza ukumbi.

Msomaji wa jarida la Kiswahili aweza kuuliza: Haya yatuhusu nini sisi, tulio watu wa lugha na fasihi? Yatuhusu, kwa kuwa mwenye daftari hakai Mannheim peke yake. Kila idara ya lugha yamjua. Huja na swali lile lile: Somo hili laingiza nini? Wanafunzi wake wangapi? Huona kamusi isiyouzwa upesi kuwa ni hasara, na mashairi ya kale kuwa ni karatasi zinazokula nafasi. Naye hutumia njia ile ile: kwanza hunyima malezi, kisha huonyesha udhaifu wa aliyenyimwa, kisha huleta sharti la hisani, kwamba wapenzi wa jambo hilo na wachange. Aliyeielewa kesi ya fito zile hatashangaa akiona kesi ya vitabu, na huenda akajua namna ya kuijibu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza, jengo lolote la umma lililowekwa chini ya ulinzi wa sheria na liwe na fungu lake la matunzo kila mwaka, lisilosubiri huruma wala sherehe. La pili, bei ya ukarabati isitangazwe kamwe bila kutangaza pamoja nayo miaka ambayo hapakufanywa kitu, na nani alikuwa na dhamana katika miaka hiyo. La tatu, mji usiwatupie raia wachache sharti la kununua tena kilicho chao. Mji ukiona kwamba jengo halifai, na useme hivyo waziwazi, uhesabiwe kwa kauli yake katika uchaguzi. Usijifiche nyuma ya bakuli la mchango.

Wavu wa Mannheim wasimama kwa sababu hakuna ufito uliobeba mzigo peke yake. Kila mmoja ni mwembamba, kila mmoja wapindika, na uzito wa theluji uangukao juu ya mmoja hugawanywa kwa mamia. Wajenzi wake waliijua kanuni hiyo wakaitia katika mti. Mji ulipofikiwa na zamu yake ya kubeba, ulitaka mzigo wote uwe juu ya fito chache. Mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza angeweza kuwaambia kwamba paa la namna hiyo huanguka.